Kutibu mlango wa kizazi siku ile ile: mwongozo kwa muuguzi wa kituo cha afya

Ukiwa na siki, pamba, taa nzuri na mashine ya tiba joto (inayounguza ngozi iliyoanza kuharibika) iliyochajiwa, unaweza kumkinga mama na saratani ya mlango wa kizazi kabla hajashuka kitandani. Nitakayoeleza hapa chini ni namna ya kufanya hivyo bila kumdhuru, na namna ya kumtambua yule ambaye hupaswi kumgusa.

Nasisitiza "kabla hajashuka kitandani" kwa sababu bado naona uchungu. Miaka ya nyuma kituo nilichokuwapo hakikuwa na mashine. Ilikuwa moja tu, inazunguka wilaya nzima, na kwetu ilifika mara moja kwa mwezi. Mama akikutwa na doa jeupe baada ya kupakwa siki, yaani ngozi iliyoanza kuharibika, tulimwambia arudi siku hiyo. Mmoja alirudi kweli, kwa miguu, mtoto mgongoni. Mashine haikuja, gari lilikosa mafuta. Tukamwambia arudi mwezi ujao. Ukiifungua rejista ile leo, safu yake ya matibabu bado ni tupu.

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, wakunga na matabibu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya ambao wamepata au wanakwenda kupata mafunzo ya vitendo. Hauwi mbadala wa mafunzo hayo. Mama anayetaka kujua atafanyiwa nini naye anakaribishwa kuusoma.

Tunatibu nini hasa

Hatutibu saratani. Sentensi hiyo iweke kichwani, maana utairudia mbele ya kina mama mpaka uichoke.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Karibu kila aliyewahi kufanya ngono amekutana navyo, na kwa wengi mwili huvifukuza wenyewe. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Kwa mwanamke ambaye mwili wake haukuvifukuza, chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Kutoka maambukizi mpaka saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, hasa VVU isiyotibiwa. Miaka hiyo yote mama haumwi, hatoki damu, analima, anauza genge lake kama kawaida. Ndiyo nafasi yetu.

Mwaka 2022 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 660,000 hivi na vifo 350,000, vingi mno vikiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa Tanzania, makadirio ya 2020 ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wetu. Wengi wao hufika hospitali kubwa za Ocean Road, Bugando au KCMC wakati damu na harufu vimeshawatoa kwenye shughuli za watu. Ukimsikiliza mmoja wao, mara nyingi atakwambia aliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki fulani, mwaka fulani, kwa jambo jingine kabisa.

Sasa umbile. Sehemu ya nje ya mlango wa kizazi imefunikwa na ngozi laini ya waridi, kama ya ndani ya shavu. Ndani ya tundu kuna ngozi nyingine, nyekundu zaidi, inayotoa ute. Zinapokutana kuna mstari. Mstari huo husogea maishani: kwa msichana na mama anayezaa uko nje unaonekana, na kadiri umri unavyokwenda unarudi ndani. Eneo ulilopitia ndilo tunaloliita eneo la mabadiliko, na karibu saratani zote huanzia hapo. Kazi yetu yote ni kuliona eneo hilo na, likihitajika, kuliunguza lote ili ngozi mpya iote.

Nani aitwe

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza kuanzia miaka 30 kwa wanawake wote, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Hao wa VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii, kwa hiyo kama kituo chako kina CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, anzia hapo. Wanakuja kila baada ya muda, faili lao lipo, na benchi liko mita kumi kutoka chumba chako.

Kipimo kinachopendelewa ni cha HPV chenyewe. Uzuri wake ni kwamba mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe chooni au nyuma ya pazia, kwa brashi ndogo, bila kuvua mbele ya mtu. Akikutwa hana, anarudi baada ya miaka 5 hadi 10, au 3 hadi 5 kama ana VVU. Ila tuseme ukweli wa vituo vyetu: vingi bado vinategemea siki, yaani VIA, na kwa siki aliyekutwa salama arudi baada ya miaka 3.

Siki ina kasoro mbili kubwa. Inategemea jicho la anayeangalia, na jicho huchoka. Tena haifai kwa mama aliyeacha hedhi zamani, kwa sababu mstari umeshaingia ndani. Usimwambie bibi wa miaka 60 kwamba yuko salama kwa siki. Hukuona kitu, basi. Huyo mpe kipimo cha HPV au mwelekeze kinapopatikana.

Chumba na siki

Taa kwanza. Balbu ya manjano ya dari itakudanganya, kila kitu kitaonekana kama maziwa ya kopo. Taa ya kichwani yenye mwanga mweupe inatosha kabisa, na umeme ukikatika hushangai.

Andaa spekulamu (kifaa cha kufungulia uke) safi za saizi tofauti, fosepsi (koleo la kushikia pamba), pamba ya kutosha, galipoti (vibakuli vidogo) mbili, glavu, saa yenye mshale wa sekunde, pedi, na pazia linalofunga kweli. Mama aje na kanga yake, atajisikia ni mtu.

Siki inatakiwa iwe na nguvu ya asilimia 3 hadi 5. Siki nyeupe ya dukani inafaa kama lebo inasema asilimia 5. Ya kahawia haifai. Kama mmeletewa asidi kali ya maabara, pima mililita 95 za maji safi kisha ongeza mililita 5 za asidi. Asidi iende kwenye maji, siyo maji kwenye asidi. Isiyochanganywa inaunguza vibaya, kwa hiyo chupa yake ifungiwe kabatini ikiwa na lebo kubwa, mbali na ile ya kazi. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana mwaga.

Na hapa niseme jambo ambalo nimelikuta mtaani zaidi ya mara moja: siki ni ya kuonea, si ya kutibia. Dada anayejiosha kwa siki au ndimu nyumbani "aue kansa" anajichubua bure.

Maneno kabla ya spekulamu

Tabibu hufunzwa mikono kuliko maneno, na ndiyo maana wengi hupotelea hapa. Ukimwambia mama "umeonekana una dalili za kansa", umempoteza. Hatasikia tena neno lako. Atakuwa anahesabu watoto wake watabaki na nani.

Mimi husema hivi, kabla hajapanda kitandani:

"Mama, leo naangalia mlango wa kizazi. Naupaka siki. Nikiona pamebadilika kuwa peupe, maana yake kuna ngozi iliyoanza kuharibika. Siyo kansa. Ukiiacha miaka, inaweza kuja kuwa kansa. Nikiikuta, leo leo tunaiondoa, dakika chache, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Na nikiona kitu ambacho si cha saizi yangu, nitakwambia wazi na nitakuandikia uende kwa daktari."

Kisha nyamaza umwache aulize. Swali la kwanza mara nyingi ni "nitazaa tena, sista?" Jibu ni ndiyo, tiba hii haiondoi kizazi wala haifungi mlango. La pili, kwa sauti ya chini: "Mume wangu atajua?" Mwambie haitambuliki kwa kumwangalia, ila kuna wiki nne za kupumzika, na tutaongea jinsi ya kulisema. Mzungumzo huo ufanyike sasa, siyo baada ya kumtibu. Ridhaa ni ya kwake, si ya mume. Lakini ukijifanya mume hayupo, wiki nne zitakuwa siku nne.

Uliza pia hedhi ya mwisho. Kama kuna shaka ya ujauzito, pima. Mjamzito haunguzwi, anapewa tarehe baada ya kujifungua, wiki sita na kuendelea, na tarehe hiyo unaiandika kwenye kadi yake ya kliniki ambako mkunga ataiona. Ambaye bado hajameza kidonge cha maumivu, mpe paracetamol au ibuprofen sasa hivi, ili ianze kufanya kazi mkifika kwenye tiba.

Kuangalia kwa siki

Akojoe kwanza. Alale chali, matako ukingoni mwa kitanda, kanga magotini. Spekulamu ya chuma ichovye kwenye maji ya uvuguvugu. Baridi ya chuma ndiyo inayomfanya abane. Ingiza taratibu, ifungue mpaka mlango wote wa kizazi ukae katikati ya macho yako, kaza.

Angalia kabla ya kupaka chochote. Kuna uvimbe kama koliflawa? Kidonda kinachomomonyoka? Panavuja damu ukigusa kidogo tu? Ukiona mojawapo, siki haina kazi tena, nenda kwenye sehemu ya rufaa. Kuna usaha na mama anaumia sana tumbo la chini ukigusa? Hayo ni maambukizi ya nyonga, mtibu kwanza kwa antibiotiki kozi kamili, umpe tarehe ya kurudi.

Kama ni salama, futa ute kwa pamba kavu bila kusugua. Tafuta ule mstari. Kama hauuoni wote, andika hivyo, kwa sababu uamuzi wa baadaye utategemea hapo.

Chovya pamba kwenye siki, ipake mlango wote, ishikilie, kisha tazama saa. Dakika nzima. Sekunde 60 ni ndefu ukiwa umeinama na mama anapumua kwa shida, na karibu kila anayekosea VIA hukosea hapa: anaangalia sekunde ya ishirini, haoni kitu, anaandika hasi.

Kinachotafutwa ni weupe mzito, wenye kingo zinazojitenga, ulioshikamana na mstari. Weupe wake ni kama ukoko wa maziwa yaliyochemka: umejaa, umekaa, haupenyezi mwanga. Unabaki dakika kadhaa. Weupe hafifu kama mvuke kwenye kioo, unaokuja na kuondoka, siyo wenyewe. Michirizi iliyotapakaa huku na huko mbali na mstari, siyo. Vijipu vidogo vya manjano kama punje ni vifuko vya ute, mama wengi waliozaa wanavyo, viache.

Ukibaki njia panda, paka tena, subiri tena. Mwite mwenzako. Kama kituo kina simu ya kazi na utaratibu wa kutunza siri, piga picha ya mlango wa kizazi peke yake, bila jina wala uso, mtumie msimamizi wa wilaya. Zambia walianza hivyo Lusaka mwaka 2006, wauguzi wakipiga picha na madaktari wakizitazama baadaye, na ndivyo macho ya wauguzi wale yalivyonolewa.

Makapu matatu

Sasa mama yuko kwenye mojawapo ya makapu matatu, na hutakiwi kuwa na la nne liitwalo "tutaona".

La kwanza, hana kitu. Mpe tarehe ya kurudi, aende.

La pili, anatibika hapa, leo. Masharti ni haya, na yote lazima yatimie: hakuna hata chembe ya shaka ya saratani, si mjamzito, doa lote unaliona mpaka mwisho wake na haliingii ndani ya tundu, eneo lote la mabadiliko linaonekana, na kichwa cha mashine kinaweza kulifikia lote. Doa likichukua zaidi ya robo tatu ya mlango, usilichukue.

La tatu, ni wa rufaa. Doa limeingia ndani ya tundu, au ni kubwa mno, au mstari hauonekani: huyo anahitaji LEEP, ambapo daktari hukata kipande chenye tatizo kwa waya wa umeme baada ya sindano ya ganzi, na kipande kinakwenda maabara. Mwenye kitu chenye sura ya saratani: huyo anahitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kipimwe, haraka. Usimuunguze kwa kusema "angalau nimefanya kitu". Ukiunguza saratani, juu panapona, chini inaendelea, na mwaka utapita kila mtu akiamini ametibiwa. Katika makosa yote ya kazi hii, hilo ndilo siwezi kulisamehe kirahisi.

Kwa vituo vyenye kipimo cha HPV kuna nyongeza. Mama mwenye HPV asiye na VVU, miongozo inaruhusu atibiwe hata kama siki haikuonyesha doa, mradi masharti ya kapu la pili yametimia; au apimwe kwa siki kwanza na atibiwe akionyesha doa tu. Fuata uliochaguliwa na nchi yako. Mwenye VVU ni huo wa pili: HPV, kisha siki, kisha tiba. Aliyekutwa na HPV bila doa na hakutibiwa arudiwe baada ya miezi 24, au 12 kama ana VVU.

Tiba joto, hatua kwa hatua

Mashine za siku hizi zinashikika mkononi kama draya ndogo ya nywele na zinatumia betri. Asili yake ni kifaa cha daktari wa Ujerumani, Kurt Semm, cha miaka ya 1960, ambacho kiliitwa cha "baridi" ingawa kinafika nyuzi 100. Eti ni baridi ukilinganisha na vyuma vya umeme vya wakati ule. Usimwambie mama ni baridi.

1. Washa mashine na uhakikishe chaji kabla ya kuweka spekulamu. Chagua kichwa kinachofunika eneo la mabadiliko. Mlango uliofunguka kidogo baada ya kuzaa unapenda chenye kichuchu kifupi, mlango tambarare unapenda bapa.

2. Kuta za uke zikiangukia katikati, vika spekulamu kondomu iliyokatwa ncha. Inazuia kuta zisije zikagusana na chuma cha moto. Ni kondomu ya bure kutoka kwenye boksi la mapokezi, na imeniokoa mara nyingi.

3. Paka siki tena ili ulione doa vizuri. Mwambie mama: "Naanza. Utasikia tumbo likikaza kama siku zako, na joto kidogo. Usiinue kiuno. Nikifika ishirini tunaacha."

4. Weka kichwa katikati ya tundu, kikandamize kwa uthabiti kama unavyogonga muhuri, kisha anzisha joto. Kiwango kinachopendekezwa ni nyuzi 100 au zaidi, kwa sekunde 20 hadi 30. Hesabu kwa sauti. Mama anayesikia hesabu anavumilia. Asiyejua itakwisha lini anaruka.

5. Utaona povu dogo pembeni, kama mafuta yanayoanza kuchemka, na ngozi ikigeuka nyeupe ya kijivu au hudhurungi. Harufu kidogo ipo. Ndivyo inavyotakiwa.

6. Kama kichwa hakikufunika eneo lote, sogeza na urudie, kila duru ikipanda kidogo juu ya iliyopita. Hakuna tuzo ya kumaliza kwa duru moja. Lengo ni eneo lote la mabadiliko, siyo doa peke yake.

7. Zima, subiri kichwa kipoe, kitoe katikati bila kugusa kuta. Tazama kama kuna damu. Mara nyingi hakuna, na ikiwepo pamba ikishikiliwa dakika moja huimaliza.

8. Toa spekulamu, mfunike, mwache alale dakika kumi kabla ya kukaa. Wachache huzungukwa na kizunguzungu wakisimama ghafla.

Kichwa cha mashine kisafishwe kwa sabuni na kitakaswe kama kitabu chake kinavyoelekeza kabla ya mama mwingine. Nasema kitabu chake kwa sababu mashine hazifanani: nyingine hujitakasa kwa joto, nyingine zinataka dawa, na klorini huvila vyuma vya nyingi. Weka vichwa viwili au vitatu vya zamu ili usimharakishe mtu.

Sindano ya ganzi kwa kawaida haihitajiki. Maumivu ni ya dakika, na akiomba uache, acha. Ataongea huko nje kuhusu uliyemfanyia, na benchi la kesho linategemea hilo.

Kama mlichonacho ni gesi

Tiba ya kugandisha kwa gesi bado ipo vituo vingi na ni tiba nzuri. Gandisha dakika 3, acha iyeyuke dakika 5, gandisha tena dakika 3, ukihakikisha barafu inavuka ukingo wa kichwa kwa milimita 4 hadi 5 pande zote. Masharti ya kuchagua mgonjwa ni yale yale. Tatizo lake si tiba, ni mtungi: mzito, unasafirishwa kwa shida, na gesi ikiisha huduma imekufa mpaka gari lije. Geji isomwe asubuhi kabla mama wa kwanza hajaitwa. Mtungi ukiishia katikati ya mama wa nne, hao waliobaki umewafanyia yale niliyoyaeleza mwanzo.

Wiki nne

Mpe pedi, na mpe maelezo haya akiwa amevaa na amekaa, siyo akiwa uchi.

Maji maji yatamtoka wiki kadhaa, mengi, mepesi, wakati mwingine yenye rangi ya damu kidogo. Ni kidonda kinapona. Asipoambiwa atadhani ameharibiwa, na jirani atamthibitishia. Aoge kawaida kwa nje. Asiingize kitu: vidole, pamba, dawa za kubana, dawa za mitishamba, siki. Kazi za kawaida aendelee nazo.

Asijamiiane wiki nne. Sababu mwambie kwa kinaganaga: kidonda kibichi ni njia rahisi ya maambukizi, VVU vikiwemo, kwa yeye na kwa mwenzake. Kama anajua haitawezekana, usimkaripie. Mpe kondomu za wiki nne kwenye bahasha ya kawaida na umwambie zitumike kila mara. Wengine huomba uongee na mume. Nikikubaliwa nampigia au namwita, na ninaongea naye kwa heshima: "Shikamoo baba. Mama amefanyiwa matibabu madogo, ana kidonda ndani, tunaomba umlinde wiki nne." Wengi huitikia. Hata anayenuna nimeona mara kadhaa akimleta mke wake mwingine kupimwa.

Arudi mara moja, usiku au mchana, akiona: homa inayozidi nyuzi 38, maumivu makali ya tumbo la chini yasiyosikia dawa, uchafu wenye usaha au harufu mbaya, damu ya mabonge au inayozidi siku mbili. Andika nambari ya simu ya kituo nyuma ya kadi kwa mkono wako.

Rufaa isiyopotea

Karatasi ya rufaa peke yake ni njia ya kumsahau mtu. Kabla mama hajaondoka, piga simu hospitali anakokwenda, uliza siku ya LEEP ni ipi na daktari yupo, andika jina la idara, chumba na siku. Mwambie nauli itakuwa kiasi gani na atalala au atarudi siku hiyo. Kama ni VVU chanya, hakikisha dawa zake za ARV za siku hizo anazo. Uandike kwenye rejista yako tarehe ya wewe kumpigia, siyo tarehe ya yeye kukupigia.

Wakati mwingine mama atakwambia ameshauriwa atolewe kizazi kabisa kwa sababu ya doa. Kwa mabadiliko ya awali peke yake hiyo siyo tiba ya kwanza. Mwelekeze akapate maoni ya bingwa kabla ya kusaini.

Mwaka mmoja baadaye

Aliyetibiwa harudi kwenye foleni ya miaka mitatu. Anaangaliwa tena baada ya miezi 12, na mwenye VVU anaangaliwa tena miezi 12 mingine baada ya hapo. Tiba haikosi kabisa kushindwa, na kwa wenye VVU doa hurudi mara nyingi zaidi.

Ukimwona mwaka wa pili utashangaa: mlango laini, wa waridi, wakati mwingine huwezi kuamini kuwa ndio ule. Mstari unaweza kuwa umesogea ndani kidogo, kwa hiyo tumia muda kuutafuta. Kama doa limerudi, soma masharti ya kapu la pili upya kama mgonjwa mgeni. Mara nyingi nitapendelea aende LEEP, ili kipande kifike maabara na tujue tunapambana na nini.

Kuwapata ndiyo kazi. Kina mama hubadilisha laini za simu, huhama na mashamba, hufiwa. Chukua nambari mbili, ya kwake na ya mtu anayemwamini, na uulize huyo mtu aambiwe nini ukipiga. Mimi husema tu "mwambie nesi wa kliniki anamsalimu, apite". Ijumaa ya mwisho ya mwezi, mashine ikiwa kwenye chaji, nachukua rejista na simu, naanza juu ya ukurasa.